Waya Moyoni mwa Papa Muhindo

Bon, kaeni vizuri, na mwenye simu aiweke mfukoni. Ninyi mnaojifunza kazi ya picha za eksirei siku hizi mnaona mapafu ya mtu kwenye kompyuta kabla mwenyewe hajavaa shati. Sisi tulikuwa tunamngoja mtu ndani ya maji. Unaingia chumba cheusi, unafunga mlango, unawasha taa nyekundu, unalaza filamu kwenye beseni la dawa na kuitikisa polepole. Mwanzo hamna kitu. Halafu giza la mapafu linaanza kuja, na ndani ya lile giza mbavu, moja moja, kisha moyo. Uko peke yako mle ndani na mtu ambaye yuko nje kwenye benchi, unamsikia anakohoa. Kazi ile nimeifanya mpaka nywele zikageuka, na sikuwahi kulizoea jambo lile. Asiseme mtu kwamba Mama Zaina alikuwa mwoga. Nilikuwa mwoga kidogo tu.

Mimi ni mtoto wa Kisangani, wa familia zile za Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara, wakasahau kuondoka. Nyumbani walitaka nishone nguo. Nikaenda kwa Papa Augustin, fundi wa picha wa hospitali, mzee mfupi mwenye sauti ya polisi, aliyevaa aproni yake ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, hata wakati wa kula. Alinipa kiti kibovu na kunifundisha kila alichokijua, huku akilalamika kwamba sielewi.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya kaseti, lile sanduku bapa tunamoweka filamu. Kaseti ambayo bado haijapigwa picha tuliiita yenye kiu. Iliyokwisha kupigwa tuliiita iliyokunywa. Yenye kiu inasimama kulia, inatazama mlango. Iliyokunywa inasimama kushoto, uso wake ukutani. Ukikosea, ukampa mtu wa pili kaseti iliyokwisha kunywa, filamu moja inabeba watu wawili.

Msicheke, ilitokea. Stagiaire mmoja, mwanafunzi wa mazoezi, msichana mwenye haraka, alimpiga picha mama mjamzito asubuhi, akaegesha kaseti upande wa kulia. Baadaye akaja mwalimu wa katekisimu mwenye kikohozi, mwanamume mzima mwenye ndevu. Filamu ilipokauka, mwalimu alikuwa na mtoto kifuani, amejikunja, kichwa chini. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alishika ile filamu kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?" Tukamweleza. Hata hivyo akaenda kuungama, na tangu siku ile akawa akipita mbali na mlango wetu.

Nawaambia hayo kwa sababu ya Papa Muhindo, na Papa Muhindo ndiye niliyewaitia.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, mnene, mcheshi, anauza vipuri vya baiskeli kwa jumla. Mnajua wakati wa vita magari yaliisha mjini, tukawa wote tunapanda toleka, zile baiskeli za kubeba watu. Nusu ya minyororo ya toleka za Kisangani ilitoka dukani kwake. Kabla ya vita moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa kusahau: unapiga, unasimama, yeye anaanguka katikati ya matairi. Wakampeleka Ulaya, wakamwekea betri ya moyo. Ni kisanduku kidogo cha chuma, kinalala chini ya ngozi, juu ya titi la kushoto, na waya mmoja unatoka pale, unapita ndani ya mshipa mpaka ndani kabisa ya moyo. Moyo ukisahau, betri inaukumbusha.

Kule Ulaya walimfundisha na mchezo mmoja. Ukichukua redio ndogo ya mawimbi ya kati, ukaiweka katikati ya stesheni pale panapovuma tu, ukaisogeza karibu na kile kisanduku, unasikia betri inafanya kazi: tik, tik, tik. Alinionyesha mwenyewe siku ya kwanza alipokuja kwangu.

"Sikia, Mama Zaina," akaniambia anacheka. "Iko saa yangu. Haiombe hata kuizungusha."

Nilicheka naye. Majirani zake hawakucheka kabisa. Walisema ni dawa ya mali, kwamba ameuza moyo wake akawekewa kitu kingine kimtunzie pesa. Mwanajeshi mmoja kwenye barrière, kizuizi cha barabara ya kuelekea Kapalata, aliisikia ile tik-tik, akamkalisha juani akisema anawatumia wapinzani habari. Alors, kutoka hapo Papa Muhindo akawa anavaa sweta, joto lote lile la Kisangani, ili watu wasione kile kinundu. Likumbukeni hilo sweta.

Kisha homa ikaanza. Inakuja jioni na kutetemeka, inaondoka na jasho, anakaa siku kadhaa anauza minyororo yake, inarudi. Na sisi huku, homa ni palu, yaani malaria. Isipoisha ni tifoidi. Isipoisha tena, kuna mtu anakuchezea. Papa Muhindo alikunywa kwinini mpaka masikio yakawa yanalia. Akapewa dawa za tifoidi, akapata nafuu, akachinja kuku kushukuru, homa ikarudi kabla mifupa ya kuku haijatupwa. Hakuna aliyeuliza habari ya betri. Betri ilikuwa ya moyo, homa ilikuwa ya mbu, kila kitu na njia yake, ndivyo tulivyodhani wote.

Alipoanza kukohoa wakamleta kwangu. Nikampiga kifua na sweta lake, maana alikataa kulivua. Kule kwenye beseni mapafu yakawa meusi, kile kisanduku kikabaki cheupe kabisa na waya wake, na ndani ya mapafu vikabaki vidoa vya mviringo, kama mtu amemwaga maharagwe. Docteur Aimé, daktari wetu, kijana mrefu aliyekuwa halali wala hapati mshahara, akasema huenda ni kifua kikuu. Akamwanzishia dawa.

Aliporudi nikampiga tena. Vidoa vilikuwa vimehama. Vile vya juu kulia vilikuwa vimefifia, vingine vimezaliwa chini kushoto, mahali ambapo mara ya kwanza palikuwa safi. Niliziweka filamu mbili kwenye sanduku la mwanga, nikatazama huku na kule mpaka macho yakauma. Ugonjwa wa mapafu unakua au unapungua. Hauhami nyumba.

Docteur Aimé akazitazama, akanigeukia.

"Mama Zaina, hii kaseti haukuinywesha mara mbili? Nabona kama watu wawili humu."

Lo! Damu ilinipanda. "Docteur, miye? Mutoto wa Papa Augustin? Kama iko watu wawili, betri ya pili iko wapi? Onyesha!"

Akatafuta, hakuiona. Lakini niwaambie ukweli, hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Wakati ule filamu zilikuwa haba, dawa za beseni tunazichuja kwa kitambaa ili zidumu, umeme unakuja na kwenda. Lolote lingeweza kutokea. Kwa hiyo wiki iliyofuata nikafanya ya tatu. Kaseti niliifuta mwenyewe, filamu niliifungua mwenyewe kutoka boksi jipya, mlango nikauegemezea kiti. Papa Muhindo akavuta pumzi, akashikilia, nikapiga.

Vidoa vilikuwa vimehama tena. Na kimoja sasa kilikuwa na tundu katikati, jeusi, la mviringo. Nikiwa peke yangu kwenye mwanga mwekundu, niliona kama linanitazama. Nilitoka na filamu inachuruzika maji, kitu ambacho Papa Augustin angenipiga kofi kwa ajili yake.

Docteur Aimé aliishika juu dirishani. Akafuata kwa kidole ule waya, kutoka kwenye kisanduku, mpaka moyoni. Halafu akamwambia Papa Muhindo avue sweta.

Ngozi juu ya betri ilikuwa nyekundu, inang'aa, ya moto.

"Juu ya nini haukusema, papa?" Docteur akataka kujua sababu.

"Haiumi, Docteur. Inapashapasha tu. Na bantu banasema maneno."

Watoto wangu, shikeni hili: mtu mwenye chuma mwilini akija na homa, mvue nguo kwanza, weka kiganja juu ya kile chuma, kisha ndipo uzungumze habari za mbu.

Docteur akanivuta pembeni. "Iko kitu ndani ya moyo inatupa vipande," akasema. "Vinafika mu mapafu. Vya zamani vinakauka, vipya vinakuja. Twende ku eko."

Eko yetu ilikuwa mashine ya kutazamia mimba, imechoka, kioo chake kidogo kama cha kujinyolea. Haikuumbwa kwa moyo. Ukitaka kuona moyo kwa mashine ile unamlaza mtu ubavu wa kushoto, unapaka jeli, unachomeka kile kichwa cha kutazamia katikati ya mbavu na kukiinamisha kidogo kidogo, na mgonjwa unamwambia atoe pumzi akae hivyo hivyo. Mapafu yakirudi nyuma, moyo unatokea. Docteur alikuwa anashika, mimi natengeneza mwanga wa kioo. Mke wa Papa Muhindo, Mama Masika, alisimama miguuni pa kitanda ameshika redio ya bwana yake.

Moyo ukatokea, unapiga. Waya ukatokea, mweupe, umenyooka, unaingia chumba cha moyo cha upande wa kulia. Na juu ya waya palikuwa na kitu.

Sikujua nikiiteje na sijui mpaka leo. Kilikuwa laini, kimejishikiza kwa upande mmoja, kinapepea. Moyo ukifunga kinaingia, moyo ukifungua kinatoka, kama kitambaa kilichonaswa kwenye mti wa mtego wa samaki, maji yanapita juu yake. Kilikuwa hai kuliko mgonjwa. Docteur alishusha sauti bila kujua, kana kwamba kingetusikia.

"Vijidudu," akasema. "Vimejenga nyumba ku waya."

Tulikuwa bado tunakitazama, kikakatika. Mbele ya macho yetu. Pigo moja kilikuwa kirefu, pigo lililofuata kilikuwa kifupi. Papa Muhindo akakohoa mara moja, kikohozi kidogo tu cha kusafisha koo, akauliza, "Munaona muzuri?"

Mama Masika alikuwa ameona. Alinitazama mimi, si daktari, na kuanzia hapo kila alipotaka kujua jambo aliniuliza mimi.

Docteur Aimé aliwaeleza wote wawili waziwazi. Sindano zitashusha homa, hazitaisafisha nyumba ile. Betri na waya vyote vinatakiwa kutoka, na hapa Kisangani hakuna mkono wa kuvitoa, kwa sababu waya umeshikana na moyo, ukiuvuta ovyo unaupasua. Ni lazima apande ndege. Na aende kabla kipande kikubwa hakijakatika, maana kikubwa kitaziba njia ya mapafu, na hapo kifo ni mara moja. Kakule, mdogo wake Papa Muhindo, mwanamume wa hasira na mapenzi mengi, alitaka waikate palepale kwa wembe waitupe mtoni. Tulimzuia kwa nguvu.

Kakule ndiye aliyepata ndege. Zilikuwa zinatua Simi-Simi zile ndege za mizigo kutoka mashariki, na rubani mmoja aliyewaletea bidhaa alikubali kumlaza Papa Muhindo katikati ya magunia. Tukangoja. Kila asubuhi nilimpitia wodini, ananiwekea redio kifuani, tik, tik, tik. "Iko kazini," ananiambia. Mimi nilikuwa nafikiria kile kinachopepea. Nilikuwa nikimeza wali naona kinapepea.

Ndege ikaja. Na asubuhi ile ile majeshi mawili ya wageni, yaliyoingia mjini kwetu kama ndugu, yakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, sisi tukiwa katikati. Ninyi wakubwa kidogo mnakumbuka. Mabomu yalikuwa yanapita juu ya mapaa, wagonjwa wamelala chini ya vitanda vyao, na barabara ya Simi-Simi ilikuwa inakula watu. Rubani alituma neno kwamba atangoja kidogo, lakini si sana.

Papa Muhindo alikuwa tayari amevaa viatu. Alikaa ghafla kitandani, akatazama huku na huku.

"Masika, nani amefunga madirisha?"

Madirisha hayakuwa na hata vioo. Akavuta hewa mara moja, ya pili haikuja. Docteur Aimé alimfanyia yote anayofanyiwa mtu, alimkandamiza kifua mpaka jasho likamdondokea mgonjwa usoni. Mwisho akaacha, akamfumba macho. "Amekufa," akasema.

Kakule akaichukua redio, akaiweka juu ya kile kisanduku.

Tik. Tik. Tik.

"Docteur, unasema nini? Moyo iko natembea! Sikia!"

"Ile iko betri, Kakule. Si moyo."

"Betri ilikuwa naye siku yote, na siku yote alikuwa muzima. Leo ndiyo inasema uongo?"

Kilichonitia hofu ni wanawake. Kwao, na kwetu pia, mtu ambaye hajafa haliliwi. Ukimlia mzima unamwitia kifo. Ndugu zao walikuwa wamejaa kwenye korido, mikono vichwani, midomo wazi, na sauti haitoki. Walikuwa wanaisikiliza redio. Nje mabomu, ndani kimya, na tik, tik, tik. Nimeona mengi ya vita, lakini nikiota naota korido ile.

Kakule alikuwa na vijana watatu wa dukani na pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, umetandikwa godoro. Wakaanza kufunga kamba. Watampeleka Simi-Simi, risasi au bila risasi, kwa sababu ndugu yao yu hai, redio imesema. Docteur alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wakamsukuma kando.

Mama Masika akanishika mkono. "Mama Zaina, weye unabonaka ndani ya bantu. Bwana yangu iko muzima? Usinidanganye. Kama iko muzima tutaenda naye, hata tukufe sote. Kama haiko, batoto ya bantu basiende kufia njiani."

Akili yangu ilijua. Masikio yangu hayakujua. Nilimwomba Docteur eko.

Umeme ulikuwa umekatika, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya chumba cha upasuaji, majeruhi wanaletwa. Kumwashia maiti jenereta! Docteur alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akawatazama wale vijana watatu na kamba zao. "Kidogo tu," akasema.

Tukasukuma kitanda, mimi, Masika, Kakule na vijana. Safari hii nilishika mwenyewe. Nilipaka jeli ngozi iliyoanza kupoa, nikachomeka kichwa cha mashine katikati ya mbavu, nikainamisha. Ulimi ulitaka kumwambia atoe pumzi, kwa mazoea.

Moyo ukatokea. Ulikuwa mkubwa na umetulia, na ndani yake damu imesimama kama moshi katika jiko lisilo na dirisha. Waya ukatokea, mweupe, umenyooka. Ulikuwa safi. Kitu hakikuwepo. Hakuna kinachopepea, hakuna hata mzizi wake. Waya unang'aa kama siku ulipowekwa.

Kakule bado alikuwa ameshikilia redio. Tik, inasema, na sisi sote tunatazama ukuta wa moyo kama utajibu. Tik. Tunatazama. Tik. Sijui tulitazama muda gani. Betri ilikuwa inaita vizuri kabisa, haikukosea hata mara moja, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kuitika.

"Ile kitu iko wapi?" akauliza Masika.

"Imekatika, mama. Imeenda ku mapafu. Ndiyo iliyofunga," nikamjibu.

Kakule akaweka redio juu ya kitanda, akaenda mlangoni, akaanza kufungua kamba za pousse-pousse yeye mwenyewe, fundo kwa fundo, analia bila sauti. Wale vijana watatu wako hai mpaka leo. Mmoja ana duka lake la baiskeli, na kila akipita kwangu ananipigia kengele. Nami kila nikiisikia namshukuru Mungu, na moyo unaniuma palepale kwa Papa Muhindo, vyote kwa pamoja.

Docteur alizima jenereta. Kioo kikawa cheusi. Kule korido wanawake walikuwa bado hawajalia, maana redio ilikuwa bado inaongea.

Mama Masika alimfunika bwana yake mpaka shingoni, akamfunga kifungo cha sweta. Kisha akaichukua redio, akakishika kile kidude cha sauti, akakizungusha nyuma polepole, mpaka kikalia tak.

"Bon," akawaambia wa mlangoni. "Sasa mulie."